Amtakaye Liyongo Aanze na Kitendawili

Utangulizi

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba papo kwa papo kamba hukata jiwe. Ni vigumu kupata sanaa inayoithibitisha kauli hiyo kuliko uhuishaji wa picha moja-moja, yaani ile sanaa ya kukisogeza kitu kisicho na uhai kidogo kidogo, kukipiga picha kila kinaposogezwa, kisha kuziunganisha picha hizo hata mtazamaji aamini kwamba kitu chenyewe kimejiendea. Zamani kazi hiyo ilihitaji kamera za gharama na ukanda wa filamu wa kusafishwa kwa dawa. Leo mwanafunzi anayeabiri matatu katikati ya jiji la Nairobi, akapitia Westlands, Kangemi na Uthiru hadi bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi, ana mfukoni mwake simu inayoweza kuifanya kazi yote hiyo.

Kwa sababu hiyo, si ajabu fikra ya kutengeneza filamu kuwajia wapenzi wa Kiswahili. Ajabu ni kwamba fikra hiyo ikija, ni nadra kuja ikiwa ndogo. Hutajwa Fumo Liyongo, shujaa wa Waswahili wa pwani ya kaskazini; hutajwa gereza lake, ngoma ya gungu, mwanawe msaliti na kisima alichofia. Haya yote hukusudiwa kuonyeshwa kwa matofali madogo ya plastiki ya kuchezea, yale yanayojulikana ulimwenguni kwa jina la LEGO, pamoja na watu wake wadogo wenye nyuso za kuchapwa. Filamu hutarajiwa kuchukua nusu saa, na siku ya kuionyesha huwa imekwisha kuchaguliwa: tarehe 7 Julai, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani.

Makala haya yanashikilia kwamba ndoto hiyo ni njema, ila mlango wa kuiingilia si huo. Anayetaka kumhuisha Liyongo anapaswa kwanza kuhuisha kitendawili, kisha kingine, na kingine tena. Aidha, yanashikilia kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana bahati ambayo wengi hawana, kwa kuwa fasihi simulizi yake imejaa tanzu fupi ambazo ni kama mazoezi yaliyokwisha kuandaliwa.

Hesabu isiyosema uongo

Kabla ya kuzungumzia ufundi, yafaa kuzungumzia hesabu, kwa maana hesabu ndiyo inayoua filamu nyingi za wanaoanza. Filamu ya kawaida ya sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde moja. Wahuishaji wengi hujipunguzia kazi kwa kuiacha kila picha ionekane mara mbili, hivyo wakahitaji mikao 12 tu kwa sekunde. Hata kwa kipimo hicho cha huruma, dakika moja inadai picha 720. Filamu ya nusu saa inadai picha 21,600.

Tuseme kikundi cha wanafunzi kimepata ustadi wa kupiga picha moja kila dakika, pamoja na kusogeza kila mhusika, kukagua mwanga na kuondoa mkono mbele ya kamera. Hiyo ni kasi nzuri kwa wanaoanza. Picha 21,600 zitachukua dakika 21,600, ambazo ni saa 360. Wakikutana kila Jumamosi kwa saa sita, watahitaji Jumamosi 60. Muhula wa chuo una wiki kumi na nne au kumi na tano, na baadhi ya wiki hizo humezwa na mitihani. Kwa hiyo, bila kukosea hata mara moja, kazi hiyo itachukua zaidi ya mihula minne, yaani miaka miwili ya masomo. Kufikia hapo walioianzisha wameenda kwenye mazoezi ya ualimu au wamehitimu, nao viongozi wa chama wamebadilishwa mara mbili.

Sasa tutazame upande wa pili. Filamu ya kitendawili kimoja yaweza kuchukua sekunde 20. Hizo ni picha 240, ambazo kwa kasi ileile ni saa nne. Kikundi kinaanza asubuhi, kinamaliza alasiri, na kabla ya jua kutua kimeshaona makosa yake yote kwenye kioo cha simu. Jumamosi inayofuata kinayarekebisha. Tofauti ya msingi iko hapa: filamu kubwa humwonyesha mtengenezaji makosa yake baada ya mwaka, ilhali filamu ndogo humwonyesha siku iyo hiyo.

Goti la Liyongo

Hoja ya hesabu peke yake haitoshi. Yupo atakayesema kwamba anao muda na subira. Na tuichukue basi hadithi yenyewe, tuone inadai nini kwa fundi.

Katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Liyongo ni pandikizi la mtu. Siri ya kifo chake ni sindano ya shaba kitovuni. Mwanawe anahongwa kwa ahadi za cheo na ndoa, anamchoma babake usingizini, na Liyongo anaamka, anachukua uta wake na kwenda kisimani. Anapiga goti, anauvuta uta, na katika mkao huo roho inamtoka. Watu wa mji wanamwona kwa mbali na kudhani yu hai. Siku kadhaa zinapita hakuna anayethubutu kuteka maji. Mamake anaombwa aende kumsihi. Mwishowe mwili unaanguka, ndipo wanapojua kwamba walikuwa wakimwogopa maiti.

Mwanafunzi aliyezoea kuhakiki maandishi ataona hapo kinaya kikubwa. Mhuishaji ataona mambo matatu yanayomkosesha usingizi.

La kwanza ni kimo. Mtu mdogo wa LEGO, ambaye aliingia sokoni katika umbo lake la sasa mwaka 1978, ana urefu wa takriban sentimita nne, na walio wengi ni sawa. Si rahisi kumpata jitu katika kundi hilo. Liyongo akiwa na kimo kile kile cha walinzi wake, hadithi imekufa kabla ya sindano.

La pili ni goti. Mtu huyo mdogo hugeuza kichwa, huinua mkono begani, huzungusha kiganja na huinua mguu kiunoni. Hana kiwiko wala hana goti. Anaweza kuketi lakini hawezi kupiga goti, na hawezi kuvuta uta kwa namna ambayo mtazamaji ataamini. Yaani kilele cha hadithi nzima ni tendo ambalo mhusika aliyechaguliwa hawezi kulitenda. Kikundi kinachoanza na onyesho la kwanza la gerezani, na kuendelea kwa mpangilio wa utenzi, kitagundua jambo hilo baada ya Jumamosi hamsini.

La tatu ndilo zito zaidi, nalo ni utulivu. Neno uhuishaji latokana na kuhuisha, yaani kutia uhai. Katika sanaa hii, kila kitu kimekufa mpaka kisogezwe. Mhusika aliyeachwa bila kusogezwa kwa sekunde mbili haonekani kama aliyetulia. Huonekana kama kipande cha plastiki. Fundi mzoefu anapotaka mhusika asimame kimya lakini aonekane yu hai, humgeuza kichwa kidogo mno, humrudisha, humsogeza kiganja kwa upana wa unywele. Huko kutulia kwenye uhai ni kugumu kuliko kukimbia. Na Liyongo kisimani anadai kinyume chake: asisogee hata chembe, ilhali maji, vumbi, nguo na watu wanaochungulia vyote visogee, ili mtazamaji abaki na swali lile lile la watu wa mji: yu hai au amekufa? Asiyeweza kuwafanya walinzi wa mwanzo waonekane hai wanaposimama hawezi kumfanya Liyongo aonekane maiti anapopiga goti, kwa kuwa kwake wote watakuwa maiti tangu mwanzo.

Kwa ufupi, kifo hicho cha kisimani ndicho mtihani wa mwisho wa sanaa hii, na mtihani wa mwisho haufanywi siku ya kwanza ya muhula.

Kitendawili kama chuo

Kitendawili kina sifa nne zinazokifanya kiwe zoezi bora. Ni kifupi, kina picha moja kuu, kina fumbo linalomshika mtazamaji, na kina jibu, yaani kina mwisho. Anayeanza huhitaji mwisho kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu kazi iliyokwisha ndiyo inayofundisha.

Lichukuliwe lile fumbo la nyumba isiyo na mlango, ambalo jibu lake ni yai. Hapa kazi ni kujenga. Tofali moja linaongezwa katika kila picha hadi nyumba nyeupe ya mviringo ikamilike, mtu mdogo anaizunguka akitafuta pa kuingilia, kisha inapasuka. Mwanafunzi atajifunza kushika kamera isitikisike, na atajifunza kwamba meza inayoguswa na tumbo la msogezaji huharibu picha zote zinazofuata.

Yule anayekufuata kila uendapo, ambaye ni kivuli, anafundisha mwanga. Hapa ndipo wakazi wa Nairobi wanapopata somo lao maalumu. Jua husafiri nyuzi 15 kwa saa, na mawingu ya Julai hufunga na kufungua anga bila taarifa. Filamu inayopigwa dirishani kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana itaonyesha kivuli kikizunguka kama mshale wa saa, na mwanga utarukaruka kama taa mbovu. Fundi atajifunza kufunga pazia, kutumia taa moja isiyobadilika, na kuifunga kamera ya simu isijirekebishe yenyewe mwanga, rangi wala umbali. Atajifunza hata kutovaa shati jeupe, kwa kuwa nguo nyeupe hurudisha mwanga juu ya meza kila anapoinama. Kwa kuwa umeme nao una tabia ya kukatika, atajifunza kuwa na taa ya betri.

Kamba ndefu isiyofunga kuni, ambayo ni njia, inafundisha mwendo. Tuijenge Barabara ya Waiyaki, matatu ikitoka Kangemi kuelekea mjini, na juu yake ile barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022. Mtu anashuka na kuvuka. Swali ni: atembee kasi gani? Vijiti vya ubao wa matofali vimepangwa milimita nane kutoka kimoja hadi kingine. Mtu mdogo akisogezwa kijiti kimoja kila picha, kwa picha 12 atasafiri karibu sentimita kumi kwa sekunde, ambayo ni zaidi ya mara mbili ya urefu wake. Huyo hatembei, anakimbia kama aliyefumaniwa. Mtu wa kweli anapotembea kwa kawaida husafiri pungufu kidogo ya kimo chake kwa sekunde moja. Kwa hiyo mtu mdogo anahitaji kijiti kimoja kila picha tatu, na katika picha zilizo katikati miguu ibadilike bila mwili kuruka. Ni jambo la kupimwa kwa rula, wala haliji kwa kubahatisha. Aliyelijua kwenye kitendawili hatalihangaikia kwenye utenzi.

Mwana anayepigwa watu wakacheza, ambaye ni ngoma, anafundisha sauti. Hapa mpangilio hugeuka: sauti hurekodiwa kwanza, kisha mapigo yake huhesabiwa, ndipo picha hupigwa kufuata hesabu hiyo. Asiyelifanya zoezi hili asithubutu kuigusa ngoma ya gungu ya gerezani, kwa sababu kishindo chake ndicho kinachoifunika sauti ya tupa iliyofichwa katika mkate wa wishwa, nayo tupa ndiyo inayokata minyororo. Kishindo na mkono visipoenda pamoja, hila ya Liyongo haieleweki.

Lipo pia zoezi ambalo mwanafunzi wa Kiswahili analimudu kuliko mwanafunzi wa sinema. Nyuso za watu wa plastiki zimechapwa, midomo haifunguki. Mazungumzo huonyeshwa kwa kichwa na mkono. Je, kichwa kiiname wakati gani? Mwanaisimu anajua kwamba mkazo katika Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache. Katika usemi wa wastani silabi moja huchukua takriban picha mbili. Kwa hiyo kichwa kikiinama kwenye silabi yenye mkazo, msikilizaji atasadiki kwamba sauti imetoka kwa mhusika. Jozi maarufu ya barabara, ile njia, na barabara kwa maana ya sawasawa, iliyofunzwa madarasani kama mfano wa mkazo, yaweza kuwa filamu ya sekunde tano: mtu yule yule, neno lile lile la maandishi, na kichwa kinachoinama mahali tofauti. Somo la fonolojia limekuwa mchezo, na mchezo umekuwa kifaa cha kufundishia katika shule ya upili.

Mifano ya waliotangulia

Historia ya sanaa hii inaunga mkono hoja ya kuanza na kidogo. Moja ya filamu za mwanzo kabisa za matofali ya LEGO ilitengenezwa Denmark mwaka 1973 na binamu wawili, Lars na Henrik Hassing, waliokuwa bado watoto. Ilihusu safari ya kwenda mwezini, ilikuwa ya dakika chache tu, na waliitengeneza kwa ajili ya sherehe ya nusu karne ya ndoa ya babu na nyanya yao. Hadhira yao ilijulikana, na urefu wake ulilingana na uwezo wao.

Barani Afrika, Moustapha Alassane wa Niger, mmoja wa waanzilishi wa uhuishaji barani, alitoa filamu fupi ya kuchorwa kuhusu rais wa vyura mwaka 1966. Miaka mingi baadaye, mwaka 2001, alitoa Kokoa, ambamo vikaragosi vya wanyama vinapigana mieleka. Jean-Michel Kibushi wa Kongo naye aliifanya ngano ya chura aendaye ukweni kuwa filamu fupi mwaka 1991, kabla ya kazi zake za vikaragosi zilizofuata. Wote wawili walianza na kiumbe mdogo katika kisa kifupi.

Nairobi yenyewe haijalala. Mfululizo wa Tinga Tinga Tales, ulioanza kurushwa nchini Uingereza mwaka 2010, ulihuishwa kwa kompyuta katika studio ya Homeboyz jijini humu, na vijana wengi walijifunza kazi humo kipindi baada ya kipindi. Kwame Nyong'o aliitoa The Legend of Ngong Hills mwaka 2011, filamu fupi kuhusu vilima vile vile vinavyoonekana na wakazi wa Dagoretti na Karen kila anga linapotakata. Ng'endo Mukii alitoa Yellow Fever mwaka 2012 akiwa mwanafunzi London. Ni filamu ya takriban dakika saba inayochanganya michoro na miili ya watu iliyopigwa picha moja-moja, na mada yake ni wanawake wanaojichubua ngozi. Hakuna aliyeidharau kwa ufupi wake.

Hata hivyo, kazi mashuhuri za Nairobi zilizotajwa hapa zimejulikana zaidi kwa majina na masimulizi ya Kiingereza. Pengo la Kiswahili lipo, na watoto hawatasubiri lijazwe, watatazama kilichopo. Dar es Salaam imeonyesha njia kupitia Ubongo Kids, kipindi cha katuni kilichoanza kurushwa kwa Kiswahili mwaka 2014. Wanafunzi wa Kiswahili wa Nairobi wanaweza kuchangia, lakini kwa kazi iliyokamilika. Filamu ya Liyongo iliyokwama kwenye dakika ya nne haimfundishi mtoto yeyote wa Kawangware neno lolote.

Wenye maoni mengine

Si haki kuzipuuza hoja za upande wa pili. Wapo wanaosema kwamba hamu ndiyo mafuta ya sanaa, na anayelazimishwa kuhuisha yai na kivuli atachoka kabla hajamfikia shujaa wake. Humtaja Nick Park wa Uingereza, aliyeanza A Grand Day Out mwaka 1982 akiwa mwanafunzi, akaikamilisha mwaka 1989, na filamu hiyo ikawazaa Wallace na Gromit wanaojulikana duniani kote. Je, naye angeambiwa aanze na kitendawili?

Jibu ni kwamba alikuwa ameshaanza nacho. Park alikuwa akitengeneza filamu fupi nyumbani tangu ujana wake, na mojawapo ilionyeshwa na BBC mwaka 1975. Pamoja na maandalizi hayo, filamu yake ya chini ya nusu saa ilimchukua miaka saba, na aliimaliza baada ya kuchukuliwa na studio ya Aardman, iliyompa mahali, vifaa na mshahara. Mfano huo, ukitazamwa vyema, ni onyo kwa kikundi kisicho na studio. Aidha, kitendawili si adhabu. Anayempenda Liyongo na ahuishe mafumbo akijua kila moja linamjengea kiungo kimoja cha shujaa wake: hili mwendo, lile mwanga, lile ngoma.

Wapo pia wanaouliza: kwa nini matofali ya Denmark kwa hadithi ya Lamu? Je, huko si kulivika joho la wageni pandikizi la Waswahili? Hoja hii ina uzito, lakini kifaa hakiimiliki hadithi. Karatasi na wino aliotumia Kijumwa havikuufanya utenzi wake kuwa wa kigeni. Lililo muhimu zaidi ni gharama, kwani matofali halisi si rahisi kuyapata kwa mfuko wa mwanafunzi. Hapo busara ya kuanza na kidogo inajitetea tena. Kete za bao, maharagwe, vifuniko vya chupa, udongo wa mfinyanzi na magari ya waya yanayoundwa na watoto mitaani vyote vinatosha kwa mazoezi ya mwanzo. Wanasesere wa mitumba hutafutwa katika soko la Toi kando ya Barabara ya Ngong, na taa ndogo na stendi ya simu katika maduka ya Luthuli katikati ya jiji. Matofali yanunuliwe baada ya kikundi kujua kinahitaji yapi. Kilichojifunza kwa vitendo kitajua, kwa mfano, kwamba Liyongo asinunuliwe bali ajengwe: mwili wa matofali wenye urefu wa sentimita kumi na mbili, wenye viungo vya magoti na viwiko, ambao utatatua kwa mkupuo mmoja tatizo la kimo na tatizo la goti.

Urithi wa chama

Kuna jambo moja zaidi, nalo linavihusu vyama vya wanafunzi kuliko watu binafsi. Chama hupoteza wajuzi wake kila mwaka. Wakihitimu wakaacha filamu nusu, wanaobaki hurithi sanduku la matofali, picha elfu tatu zisizoeleweka mpangilio wake, na lawama. Mwaka unaofuata hakuna anayetaka kulisikia neno uhuishaji, na michango ya wanachama iliyotumika hubaki kuwa hadithi ya kusimangana. Wakihitimu wakaacha vitendawili kumi vilivyokamilika, wanaobaki hurithi vitu vitatu: kazi za kuonyesha, daftari la vipimo lililoandikwa kwa Kiswahili, na wenzao wa mwaka wa pili waliokwisha kushika kamera.

Daftari hilo lisidharauliwe. Istilahi za fani hii katika Kiswahili bado zinatafutwa, na istilahi njema huzaliwa kazini. Kikundi kitakachohitaji kuambiana kila dakika kwamba mwanga umeruka, mkao umevunjika au hatua imezidi, kitapata maneno yanayotamkika na kukumbukika. Wahadhiri wa isimu watakuwa na data, na wa fasihi simulizi watakuwa na swali jipya la kujadili: kitendawili kikionyeshwa kwa picha, hadhira isiyoweza kujibu itatoa mji kwa nani?

Hitimisho

Inapendekezwa basi kwamba kikundi chochote kinachoota filamu kubwa kijiwekee sharti la vitendawili kumi, kimoja kila Jumamosi mbili, kila kimoja kikiwa na jambo moja la kujifunza na kikaonyeshwa hadharani kabla ya kingine kuanza. Hiyo ni kazi ya Jumamosi 20, theluthi moja tu ya zile 60 zilizohesabiwa awali. Baada ya hapo kihuishwe kisa kimoja cha dakika mbili, ikiwezekana kile cha kisimani peke yake, kwa kuwa ndicho kinachopima kila ustadi. Onyesho hilo likifaulu, filamu nzima imepata moyo wake, na waliobaki nyuma watajua namna ya kuuongezea mwili. Likishindikana, zitakuwa zimepotea wiki chache badala ya miaka miwili, nalo daftari litaeleza ni kwa nini.

Watu wa mji wa Liyongo walikaa na kiu kwa sababu hawakuweza kutofautisha uhai na utulivu. Mhuishaji ndiye mtu anayetakiwa kuijua tofauti hiyo kwa vidole vyake, picha moja baada ya nyingine. Haijui kwa kutangaza filamu ya nusu saa. Huijua kwa kukisogeza kivuli cha mtu wa sentimita nne juu ya meza, pazia likiwa limefungwa, mpaka kivuli kile kimfuate mwenyewe kila aendapo.